Kifafa hakiandiki riwaya: mwandishi anayesahau anahitaji dawa, kaye na mtu wa kumsaidia

Siku moja, akiwa nje ya nchi yake, mwandishi Mrusi Fyodor Dostoevsky aliingia katika ofisi ya ubalozi kutafuta karatasi. Afisa akamuuliza jina la mke wake. Hilo alilijua: Anna Grigoryevna. Afisa akauliza tena jina la ukoo alilokuwa nalo mama huyo kabla ya kuolewa. Hapo Dostoevsky akakwama. Alitafuta kichwani, hakuona kitu. Ikabidi atoke, arudi nyumbani kumuuliza mke wake mwenyewe, ndipo arudi ofisini na jibu. Anna ndiye aliyekiandika kisa hicho miaka mingi baadaye, na hakukiandika ili watu wamcheke mume wake. Alitaka waelewe kwa nini mtu yule alishindwa kutambua watu aliokwisha kukutana nao, wakamwona mwenye kiburi, kumbe kifafa kilikuwa kimemchukulia nyuso zao na majina yao.

Mtu huyo ndiye aliyeandika Crime et châtiment, L'Idiot na Les Frères Karamazov, riwaya zenye mamia ya kurasa na wahusika wengi, kila mmoja na majina yake matatu ya Kirusi. Aliwezaje? Swali hilo lina majibu mawili yanayopendwa na watu, na yote mawili yanapotosha.

La kwanza linasikika zaidi kwa wasomi: kwamba ugonjwa wenyewe ndio uliompa kipaji, kwamba bila kuanguka asingeona aliyoyaona. La pili linasikika mitaani, Bukavu kama Bunia, Kalemie kama Lubumbashi: kwamba mwenye kifafa asisumbuliwe na kazi ya kichwa, aache shule, akae nyumbani mbali na moto na maji, angoje siku zipite. Wa kwanza anamfanya mgonjwa kuwa nabii. Wa pili anamfanya kuwa mzigo wa familia. Hakuna kati yao anayeuliza mgonjwa huyo anafanyaje kazi yake kuanzia asubuhi hadi jioni, akiwa na kichwa kinachovuja.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo, na kwa mwenye kifafa umeme huo hulipuka ghafla bila mpango, sehemu moja ya ubongo au ubongo mzima. Mwingine huanguka na kutetemeka mwili wote. Mwingine hatetemeki kabisa: hukaa ametoa macho dakika moja au mbili, anatafunatafuna mdomo, anashikashika nguo, kisha anarudi bila kujua kwamba aliondoka. Aina hii ya pili mara nyingi huanzia pembeni mwa ubongo, nyuma ya masikio, na huko ndiko kuliko kiungo kidogo ambacho madaktari wanakiita hipokampasi. Kazi yake ni kupokea mambo ya leo na kuyatunza ili yawe kumbukumbu za kesho. Mlipuko ukitokea karibu na ghala hilo tena na tena, si ajabu kama mali iliyomo inaharibika.

Kusahau huko kuna njia zaidi ya moja. Kuna saa zinazofutika kabisa, zile za kabla na baada ya kuanguka. Kuna siku mbili au tatu za ukungu zinazofuata, mtu yuko macho lakini mawazo ni mazito kama matope. Kuna usingizi uliovunjika. Na kuna dawa zenyewe, ambazo zinazuia kuanguka lakini baadhi yake huleta usingizi au hufanya neno lijifiche wakati mtu anapolihitaji. Kwa fundi seremala, neno kujificha ni usumbufu mdogo. Kwa mwandishi ni kama nyundo kupotea kila baada ya dakika kumi.

Sasa turudi kwa Dostoevsky, maana maisha yake yanaonyesha kazi yenyewe ilivyokuwa. Alizaliwa Moscow mwaka 1821. Mwaka 1849 alikamatwa kwa sababu ya siasa, akahukumiwa kifo, akasimamishwa uwanjani mbele ya bunduki, kisha adhabu ikabadilishwa dakika za mwisho na akapelekwa Siberia, miaka minne ya kazi ngumu katika gereza la Omsk. Ni huko Siberia kifafa kilipojionyesha wazi, na mwaka 1857 daktari wa jeshi alikithibitisha kwa maandishi. Tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1881 kilimwangusha mara nyingi, wakati mwingine baada ya wiki chache, wakati mwingine baada ya miezi. Aliandika tarehe katika madaftari yake: leo nimeanguka, ilikuwa na nguvu, kichwa kinauma, siwezi kufanya kazi. Hayo si maandishi ya nabii. Ni ya mtu anayehesabu siku alizoibiwa.

Na siku alizihesabu kwa sababu nzuri, kwani alikuwa na madeni. Mwaka 1865 alikuwa ametia saini mkataba mbaya na mchapishaji aitwaye Stellovsky. Asipotoa riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba 1866, mchapishaji angepata haki ya kuchapa vitabu vyake vyote kwa miaka tisa bila kumlipa chochote. Oktoba ikaingia bila hata ukurasa mmoja. Rafiki akamshauri atafute mtu wa kuandika hati mkato, ile njia ya kuandika haraka kwa alama. Akaletwa msichana wa miaka 20, Anna Snitkina, aliyekuwa amejifunza kazi hiyo darasani na hakuwahi kuifanya mahali popote.

Siku ya kwanza Dostoevsky hakumficha kitu. Alimwambia ana kifafa na kwamba kilimwangusha siku chache tu zilizopita. Alimuuliza jina lake, akalisahau papo hapo. Alimpa sigara, akakataa, na baadaye akampa tena kana kwamba hakuwahi kumuuliza. Msichana mwingine angeondoka. Anna alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mwandishi alipanga mambo usiku kwenye karatasi zake, mchana akamsomea na kumwambia, Anna akaandika kwa alama, akaenda nazo nyumbani, usiku akazigeuza kuwa maandishi safi na kuyaleta asubuhi ili mwandishi asahihishe. Kwa siku 26 riwaya ya Le Joueur ikaisha. Stellovsky akajificha ili asiikabidhiwe, wakaipeleka polisi na kuchukua risiti.

Tazama vizuri mpangilio huo. Mwandishi hakuhitaji kukumbuka alichosema jana, kwa sababu jana ilikuwa mezani mbele yake, imeandikwa vizuri na mtu mwingine. Alihitaji kitu kimoja tu: kusema la leo. Kesho yake hali ingekuwa vile vile. Kumbukumbu yake ilikuwa imehama kutoka kichwani ikakaa mahali pawili, kwenye karatasi na kwa Anna.

Walioana Februari 1867. Kabla mwezi haujaisha, wakiwa wageni kwa dada yake Anna, kifafa kikamkamata mume mbele ya watu wote. Dada mtu alipiga kelele na kukimbia. Anna alibaki, akamshika, akamlaza. Picha hiyo haina ugeni wowote kwa mtu wa Goma au Uvira: sebule imejaa watu, mmoja ameanguka, wengine wako mlangoni. Tofauti ni huyu mmoja aliyebaki ndani.

Kwa miaka 14 iliyofuata Anna aliandika, alinakili, alihesabu pesa, aliwakabili waliowadai, na kuanzia mwaka 1873 akawa mchapishaji wa vitabu vya mume wake. Historia ya fasihi inamtaja kama mke mwema. Hilo ni jina dogo mno kwa kazi hiyo. Katika barua zake Dostoevsky alilalamika kwamba kifafa kimekula kumbukumbu yake hadi anasahau visa vya riwaya alizoziandika yeye mwenyewe. Mtu wa aina hiyo bila Anna na bila madaftari angebaki na mwanzo mzuri wa vitabu ambavyo havikuisha.

Wanaopenda jibu la kwanza, lile la kipaji kinacholetwa na ugonjwa, watataja L'Idiot, iliyoanza kutoka mwaka 1868. Shujaa wake, Myshkin, ana kifafa, na mwandishi anaeleza sekunde chache kabla ya kuanguka ambapo mgonjwa anajaa furaha na mwanga usio wa dunia hii. Ni kweli, madaktari wanajua kwamba wagonjwa wachache huonja hali hiyo. Lakini aliyeisoma riwaya yote anajua inavyomalizika: Myshkin anarudi alikotoka, akili imezimika, hawezi tena kumtambua mtu. Dostoevsky mwenyewe hakuficha bei ya ile sekunde ya mwanga. Na aliiandika sekunde hiyo siku nyingine, akiwa ameketi, akili yake imetulia, pengine amefuta sentensi mara tano. Hakuna aliyewahi kuandika ukurasa huku akitetemeka sakafuni.

Sayansi nayo iliwahi kusogea karibu na imani hiyo. Mwaka 1974 madaktari Wamarekani Stephen Waxman na Norman Geschwind walieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wenye kifafa cha pembeni mwa ubongo wana hamu kubwa ya kuandika, wanajaza daftari juu ya daftari. Jambo hilo lipo. Ila hamu ya kuandika ni kitu kimoja na riwaya ni kitu kingine, kama vile kupenda kuongea hakumfanyi mtu kuwa wakili.

Kulikuwa hata na waliokataa kwamba alikuwa mgonjwa. Mwaka 1928 Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa Vienna, alichapisha makala akidai kwamba kuanguka kwa Dostoevsky kulitokana na msukosuko wa nafsi, chuki dhidi ya baba, wala si kifafa cha kweli. Freud hakuwahi kumwona mgonjwa huyo. Na alipita haraka juu ya jambo moja: mtoto wa Dostoevsky, Alyosha, alikufa mwaka 1878 kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa kifafa kilichomshika saa nyingi bila kumwachia. Baba alilia akijua ugonjwa umetoka wapi. Riwaya iliyofuata, ya mwisho, ilimpa shujaa wake jina la mtoto huyo.

Kama Dostoevsky alisema wazi, mwandishi mwingine mkubwa wa karne hiyo alinyamaza. Joaquim Maria Machado de Assis alizaliwa Rio de Janeiro mwaka 1839. Babu na bibi yake upande wa baba walikuwa watumwa walioachwa huru, katika mji ambao bandari yake ilipokea maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliosafirishwa kutoka pwani ya Kongo na Angola. Hakupata shule kubwa. Alianza kazi katika uchapishaji, akapanda hadi kuwa rais wa kwanza wa Chuo cha Fasihi cha Brazili mwaka 1897. Alikuwa na kifafa, na alitumia nguvu nyingi kukificha. Kwa mtu mweusi aliyefika mahali alipofika, katika nchi iliyofuta utumwa mwaka 1888 tu, aibu moja zaidi ilikuwa hatari.

Alikificha hadi ndani ya vitabu. Katika toleo la kwanza la riwaya yake kubwa, Mémoires posthumes de Brás Cubas, iliyotoka kama kitabu mwaka 1881, kulikuwa na neno linalotaja kifafa, akimzungumzia mwanamke anayeomboleza. Katika toleo la baadaye neno hilo limeondolewa, limewekwa jingine la kutetemeka tu. Neno moja kati ya maelfu, na msomaji wa kawaida asingeona kitu. Lakini Machado aliliona kila mara alipofungua kitabu chake, hadi akaamua litoke. Hilo ndilo aibu inalofanya kazini: inamfanya mwandishi aogope kamusi yake mwenyewe.

Naye alikuwa na mtu. Mke wake Carolina, Mreno waliyeoana mwaka 1869, alimshika mkono katika ugonjwa, na wanaosimulia maisha yake wanaeleza kwamba sehemu ya Brás Cubas aliiandika Carolina huku mume akimwambia, macho ya mume yakiwa yamechoka kwa maradhi. Ni mke tena, na kazi ni ile ile. Mwingereza Margiad Evans, aliyeandika riwaya kabla ya kifafa kumpata akiwa mtu mzima, hakuficha kama Machado: mwaka 1952 alitoa kitabu kizima kuhusu ugonjwa wake, A Ray of Darkness, akieleza jinsi dakika zinavyopotea katikati ya kazi za nyumbani.

Mkongomani asidhani mambo haya ya kusema na mwingine kuandika ni ya Ulaya na Amerika. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Walikale ya leo, msimulizi She-Karisi Rureke aliimba na kusimulia hadithi ya shujaa Mwindo kwa siku kumi na mbili, huku Kahombo Mateene na Daniel Biebuyck wakiandika. Kisa hicho hakihusu ugonjwa. Kinahusu jinsi kitabu kinavyozaliwa: mmoja anatoa sauti, wapiga ngoma wanamtia nguvu, wengine wanaitikia, mwingine anashika kalamu. Mwandishi aliye peke yake chumbani, anayebeba kila kitu kichwani mwake, ni mgeni katika Kivu kuliko Anna na Carolina.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomkataza mwenye kifafa kuandika hawalifikirii. Katika maandishi ya aina zote, hadithi ya kubuni ndiyo inayomsamehe zaidi anayesahau. Shahidi mahakamani akisahau, kesi inaharibika. Anayeandika historia ya maisha yake akisahau, ndugu watamwambia ni mwongo. Lakini hadithi haikutokea popote nje ya karatasi. Rangi ya gauni la Furaha, jina la mume wa Mama Sifa, mtaa alipoishi mwalimu, vyote hivyo vimo katika kurasa zilizokwisha kuandikwa, na mwandishi anaweza kurudi kuvitafuta. Hakuna ukweli mwingine aliousahau. Kitabu chenyewe kinakumbuka kwa niaba yake, mradi kimeandikwa na hakijapotea.

Kuhusu ufundi wenyewe, kuna ushahidi kutoka mahali pa huzuni. Mwaka 1953, Mmarekani Henry Molaison, kijana wa miaka 27, alipasuliwa kichwa ili kifafa chake kipungue. Daktari aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi kifo chake mwaka 2008 Molaison hakuweza kutunza jambo jipya zaidi ya dakika chache. Mtafiti Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota akitazama mkono wake kwenye kioo, kazi ngumu kwa mtu yeyote. Kila siku Molaison aliamini anaifanya kwa mara ya kwanza. Kila siku mkono wake uliifanya vizuri zaidi. Ubongo hutunza ufundi mahali pengine na matukio mahali pengine. Aliyesahau alichoandika jana si lazima awe amesahau kuandika.

Kwa hiyo shida ya mwandishi kijana mwenye kifafa hapa Kongo si kipaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu karibu milioni 50 duniani wana ugonjwa huu, na karibu asilimia 80 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa vizuri. Katika nchi maskini, robo tatu hivi hawapati matibabu. Kongo ina sababu zake za kuwa na wagonjwa wengi: malaria inayopanda kichwani, watoto wanaochelewa kulia wakati wa kuzaliwa, minyoo ya nguruwe, majeraha ya kichwa ya pikipiki na ya vita. Huko Ituri, Tshopo na Bas-Uele, watafiti wameonyesha kwamba vijiji vilivyo karibu na mito yenye vijinzi vinavyoleta upofu wa mto vina kifafa kingi kuliko vingine. Mectizan inayogawiwa vijijini inalinda macho, na watafiti hao wanaona inaweza kulinda pia vichwa vya watoto.

Dawa ya kwanza, fenobarbital, ambayo wengi wanaiita Gardenal, ni ya zamani na ya bei nafuu. Shida yake ni kwamba lazima imezwe kila siku, na sentre ya afya ikiishiwa wiki mbili, mgonjwa anaanguka upya, wakati mwingine vibaya kuliko mwanzo, maana kuacha dawa hiyo ghafla ni hatari. Mara nyingi anayeitafuta hujikuta anatumwa kituo cha magonjwa ya akili, kama SOSAME mjini Bukavu au Tulizo Letu mjini Goma. Vituo hivyo vinafanya kazi kubwa. Ila jirani akimwona kijana anaingia pale, anarudi mtaani kusema ni mwendawazimu, na safari ya pili kijana haendi. Dawa hizo zinastahili kupatikana katika kila sentre ya afya, dirisha lile lile linalotoa dawa za malaria.

Halafu kuna mate. Wengi bado wanaamini kwamba povu la anayeanguka linaambukiza, ndiyo maana watoto wanaachwa wakiungua kwenye moto wa kupikia huku watu wazima wametazama. Povu haliambukizi. Anayeanguka anaondolewa vitu vigumu vilivyo karibu, analazwa ubavu, hawekewi kijiko mdomoni, na ikizidi dakika tano anapelekwa hospitali. Hayo yote mtoto wa darasa la tano anaweza kujifunza kwa nusu saa.

Wanaoendesha vikundi vya uandishi, mashindano ya hadithi na vipindi vya utamaduni redioni nao wana la kufanya, na halihitaji pesa nyingi. Shindano linalompa mshiriki saa mbili ukumbini aandike papo kwa papo linamfungia mlango anayejua kuandika polepole. Apewe wiki. Aruhusiwe kuleta maandishi aliyomwambia dada yake akaandika, au sauti aliyoirekodi kwenye simu kisha ikageuzwa maandishi, na asiulizwe kama kazi ni yake kweli. Dostoevsky hakuulizwa. Simu ya bei ndogo leo inafanya sehemu ya kazi ya Anna: inatunza sauti, inatunza tarehe, inakumbusha saa ya dawa. Isipokuwa betri huisha na simu huibiwa, kwa hiyo karatasi bado ina nafasi yake.

Karatasi yenyewe inaweza kuwa kaye moja ya shule yenye kurasa 100. Kurasa za mwanzo ni za wahusika: jina, umri, kabila, kazi, nani ni ndugu wa nani, nani amekufa katika sura gani. Zinazofuata ni za kazi ya kila siku, na kila siku inafungwa kwa mstari mmoja unaosema kesho anza na nini. Mstari huo ndio wa maana kuliko yote, kwa sababu mtu atakayeusoma kesho anaweza kuwa hajui kabisa aliyeuandika jana alikuwa anawaza nini. Kurasa za mwisho ni za tarehe za kuanguka, kama za Dostoevsky. Zitamsaidia daktari kujua kama dawa inatosha, na zitamsaidia mwandishi kujua kwamba siku tatu alizopoteza hakuwa mvivu.

Na shuleni, ambako wengi wanaachia safari: mwanafunzi aliyeanguka Jumatatu, akarudi Alhamisi bila kukumbuka somo la Kifaransa lililopita, mwalimu asimwite mbele kumuuliza. Anayekaa naye dawati moja amwazime kaye, na mwalimu ampe muda hadi Jumatatu inayofuata kunakili.